Nani anavipanga virusi, na kwa nini vinatoka kwenye seli vikiwa bado vichanga

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Nasoma baiolojia mwaka wa pili. Kitabu chetu kinasema virusi vinajipanga vyenyewe halafu baadaye vinakomaa. Sasa kitu kisicho na akili wala misuli kinajipangaje? Na kama kimeshajipanga si ndo kimekamilika, kukomaa tena ni nini? Halafu huko maabara mnayaonaje haya wakati kitu chenyewe hakionekani?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza matatu ila kiukweli ni swali moja, na hilo la katikati nilikaa nalo muda mrefu nikiwa tayari nashika pipeti kila siku kabla halijanikaa sawa kichwani. Jibu la haraka ni hili: kujipanga ni kushikana kwa ulegevu, kushikana ambako kunaweza kuachana saa hiyohiyo, na kukomaa ndo pale kitu kinapokatwa au kinapofungwa kikawa hakirudi tena kilikotoka. Ukilishika hilo mengine utayaona mwenyewe.

Tuanze na hiyo misuli. Ndani ya maji hakuna kitu kidogo kinachotulia, molekuli za maji zinaigonga protini kila upande muda wote, kwa hiyo protini haihitaji wa kuisukuma, imeshasukumwa tayari, inachohitaji ni kuwa na umbo ambalo ikigongana na mwenzake upande fulani wanashikana na wakigongana upande mwingine wanapitana tu. Hiyo ndo "akili" yote iliyopo, imeandikwa kwenye umbo. Kuna jamaa wa taasisi ya utafiti ya Scripps huko Marekani, Arthur Olson, alitengeneza vipande 12 vya plastiki vya pembetano vyenye sumaku pembeni, unavitia kwenye chupa, unatikisa, unatikisa, mwanzo ni vurugu tupu, viwili vinashikana, vitatu, vinaachana, halafu ghafla unaona mpira umejifunga na hakuna aliyeupanga. Ukitikisa kwa nguvu sana unavunjika, ukitikisa kidogo sana haujengeki. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi video yake na hawakuhitaji maelezo yangu tena, nikajisikia vibaya kidogo.

Ushahidi wa kwanza mkubwa kwamba hii si hadithi ulikuja 1955. Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walichukua kirusi cha mozaiki ya tumbaku, ambacho ni kijiti kigumu chenye urefu wa nanomita 300 hivi na unene wa nanomita 18, wakakibomoa, protini huku na RNA, yaani uzi wenye maelekezo ya kirusi, kule, halafu wakavichanganya tena kwenye tyubu. Vijiti vikarudi. Na si sura tu iliyorudi, ukivipaka kwenye majani ya tumbaku yanaugua. Hebu fikiria, kitu kilichokuwa kinaambukiza umekivunja kikawa makemikali mawili, umeyarudisha pamoja, kinaambukiza tena. Watu wa wakati ule waligombana sana kama hiyo ina maana wameumba uhai, mi naona hayo mabishano yalikuwa ya maneno zaidi kuliko ya sayansi.

Kijiti hicho kina protini 2,130 hivi, zote za aina moja, zimezunguka RNA kama ngazi ya mzunguko, kila protini moja imeshika herufi tatu za RNA. Haianzii popote tu. Kuna sehemu maalumu kwenye RNA iliyojikunja kama kipini cha nywele, kundi la protini lililojipanga duara linaikamata hapo, na ikishakamatwa hapo ujenzi unaendelea kuelekea pande zote mbili. Aaron Klug na wenzake walilifanyia kazi hilo miaka mingi, na hiyo kazi ni mojawapo ya zilizompa Nobel ya 1982. Umuhimu wa hicho kianzio ni kwamba ndani ya seli kuna RNA za kila aina zinaelea, bila kianzio kirusi kingejikuta kimefunga RNA ya mwenye nyumba badala ya yake.

Virusi vya mviringo navyo vina hesabu yao. Crick na Watson waliandika 1956 kwamba kirusi kidogo lazima kijengwe kwa protini ileile ikirudiwarudiwa, maana jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya kurithi, haina nafasi ya kubeba maelezo ya protini nyingi tofauti. Halafu 1962 Caspar na Klug wakaeleza inavyowezekana. Wewe chukua mpira wa miguu ule wa zamani wa vipande vyeusi na vyeupe. Vyeupe ni pembesita, vyeusi ni pembetano, hesabu vyeusi: 12. Ukishona pembesita tupu unapata shuka bapa au bomba, haufungi kamwe, ukitaka ufunge lazima uweke pembetano 12, hata mpira uwe mkubwa kiasi gani ni hizo 12, kinachoongezeka ni pembesita tu. Virusi vinafuata sheria hiyohiyo, hata kile cha UKIMWI ambacho ganda lake la ndani si mviringo bali lina umbo la pia, ile ya kuchezea watoto, kina pembetano 12, saba upande mnene na tano upande mwembamba. Mimi hili bado linanishangaza mpaka leo.

Sasa nikupeleke mezani kabisa, maana hapo ndo utaelewa kwa nini nasisitiza ulegevu. Tunachotumia sana kufundishia ni kirusi kimoja cha mmea wa kunde, hakina shida na binadamu, ganda lake lina protini 180. Unakiweka kwenye chumvi nyingi kwenye maji yasiyo na asidi, kinafumuka. Unatoa RNA, unabaki na protini zikiwa wawili wawili. Halafu unazitia kwenye mfuko mwembamba wenye vitundu vidogo ambavyo chumvi inapita ila protini haipiti, mfuko unauzamisha kwenye bafa, yaani maji yanayotunza kiwango cha asidi, yenye asidi kidogo, unaacha. Maji yanabadilika taratibu ndani ya mfuko na protini zinaanza kushikana. Ukitaka kuangalia inavyokwenda unapitisha mwanga kwenye sampuli na kupima unaotawanyika, maana kitu kikubwa kinatawanya mwanga kuliko kidogo. Mstari kwenye skrini haupandi mara moja. Unakaa chini, umelala, unaanza kujiuliza kama umesahau kitu, halafu unapanda kwa kasi na baadaye unatulia juu. Hapo chini palipolala ndo pagumu, protini za kwanza tatu nne zinashikana zinaachana kwa sababu kila moja ina jirani wachache wa kuishikilia, ila wakishafika idadi fulani kila anayekuja anapata majirani wawili watatu kwa mpigo na anabaki.

Mara ya kwanza nafanya mwenyewe nilikuwa na haraka, nikaruka hilo la mfuko, nikamimina asidi moja kwa moja na protini niliweka nyingi ili matokeo yawe mazuri eti. Tyubu ikawa na ukungu hapohapo, nikafurahi, nikaita mtu. Tukaiweka sampuli kwenye hadubini ya elektroni, aisee, takataka. Nusu maganda, robo maganda, vitu vimepindana kama mabakuli yaliyopachikana. Haraka haina baraka ila kwenye protini ina maelezo yake ya kikemia: nilizifanya zishikane kwa nguvu mno, kwa hiyo maganda mengi yalianzishwa kwa wakati mmoja, protini huru zikaisha kabla hata moja halijakamilika, na aliyekaa vibaya hakuweza kubanduka akae vizuri. Mshikano ukiwa legevu, kosa linajirekebisha lenyewe kwa sababu lililokaa vibaya linaachia. Mshikano ukiwa mkali kosa linabaki. Kwa hiyo huo udhaifu wa viungo usiuone kama kasoro, ndo fundi mwenyewe huyo.

Hapo sasa unaona tatizo lililobaki. Kama ganda limeshikana kwa ulegevu kiasi cha kuweza kuachana, litasafirije? Litoke kwenye seli, lielee huko nje, likutane na seli nyingine, halafu likifika likubali kufunguka ndani ya seli mpya ilhali lilipokuwa kwenye seli ya zamani lilikuwa linajenga. Mazingira ya ndani ni yaleyale, kule linajenga, huku linabomoka. Haiwezekani kitu kilekile kifanye mambo mawili yanayopingana mahali palepale, lazima katikati kiwe kimebadilika. Mabadiliko hayo ndo kukomaa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa dengi. Kirusi cha dengi kinapojengwa ndani ya seli kinakuwa na miiba, miiba 60, na kwenye kila mwiba kuna kipande kinachofunika ile sehemu ya protini inayotumika kuingilia seli, kama kofia ya sindano. Kikipita njia ya kutokea, sehemu yenye asidi, miiba inalala chini na uso unakuwa laini. Watu wakachukua hizo chembe changa maabara, wakaziweka kwenye asidi, zikawa laini, wakaondoa asidi, miiba ikasimama tena. Tia asidi, inalala, toa asidi, inasimama. Halafu wakarudia wakiwa wameweka furini, ambayo ni enzaimu ya seli yenyewe inayokata protini, na ikishakata ukiondoa asidi miiba haisimami tena, kofia inaachia na kirusi kinabaki laini na kipo tayari kuambukiza. Jambo lilelile, asidi ileile, tofauti ni mkato mmoja. Kabla ya mkato kinarudi, baada ya mkato hakirudi.

VVU navyo vina mbwembwe zaidi. Hapa mjenzi ni protini ndefu inaitwa Gag, ni kama treni yenye mabehewa, behewa la mbele linashika utando wa seli, la kati ndo litakalokuja kutengeneza pia, la nyuma linashika RNA. Gag kama 2,400 zinajipanga chini ya utando, zinausukuma nje unakuwa uvimbe, halafu kirusi kinaazima mashine ya seli inayokata shingo ya uvimbe na chembe inaachiliwa. Ukiiona kwenye hadubini wakati huo ni duara lenye pete nene na uwazi katikati. Haiambukizi. Imebeba RNA, imebeba enzaimu, imebeba kila kitu, na haiambukizi hata kidogo.

Enzaimu ya kukata, protiezi, inakuwemo humohumo ndani ya chembe, imeunganishwa kwenye baadhi ya Gag, kama moja kwa ishirini hivi ndo ndefu zilizobeba na enzaimu. Inahitaji wawili washikane ndo ifanye kazi, na msongamano wa ndani ya chembe ndo unaowakutanisha. Ikianza inakata treni kwa mpangilio, si hovyo, kiungo kimoja kinakatwa haraka sana na kingine, kile kilicho nyuma tu ya behewa la kati, kinakatwa mwisho kabisa, polepole. Kiungo hicho cha mwisho ndo kilikuwa kinashikilia pete nzima. Kikikatwa pete inafumuka, mabehewa ya kati yanakuwa huru, na sasa yana umbo jipya ambalo linashikana kwa namna nyingine kabisa, yanajenga pia. Kwa maneno mengine kirusi kinajengwa mara mbili, kwa matofali yaleyale, nyumba ya kwanza inabomolewa ili ijengwe ya pili ndani ya uzio uleule. Na si matofali yote yanatumika, pia inachukua kama 1,500, yaliyobaki yanaelea tu humo ndani.

Hapa kuna kisa kidogo cha maabara siwezi kukipita. Watu walipojaribu kujenga Gag kwenye tyubu, kwa protini safi na RNA, walipata mipira lakini midogo mno, haifiki hata nusu ya inavyotakiwa. Protini ni ileile, sasa kinakosekana nini? Mwaka 2001 ikaonekana kwamba ukiongeza molekuli ndogo za jamii ya inositoli fosfati mipira inakuwa ya ukubwa wa kawaida. Ilichukua muda mpaka 2018 ndo ikaeleweka vizuri: IP6, molekuli yenye fosfati sita ambayo seli zetu zimejaa nayo na hata mbegu za mimea zinayo, inakaa katikati ya kila pembesita kama kifungo, chaji zake hasi zinazituliza chaji chanya za protini ambazo bila hivyo zingesukumana. Halafu baada ya protiezi kukata, IP6 ileile inahamia sehemu nyingine na kusaidia kujenga pia. Bila yake, kwenye tyubu unahitaji chumvi nyingi kupita kiasi na unapata zaidi mabomba, ukiiweka unapata pia. Mimi nachukua somo moja hapo, "vinajipanga vyenyewe" ni kweli ila vyenyewe pamoja na vilivyokuwemo ndani ya seli ambavyo hakuna aliyevitilia maanani kwa miaka mingi.

Virusi vya bakteria nitavipitia haraka ingawa wenyewe walionifundisha wangenuna. T4 ni mfano wa kiwanda, kichwa kinajengwa kivyake, mkia kivyake, nyuzi za miguu kivyake, halafu vinaungana. Edgar na Wood walionyesha 1966 kwamba ukichukua bakteria waliojaa T4 wenye kasoro ya kichwa na wengine wenye kasoro ya mkia, ukiwapasua na kuchanganya majimaji yao kwenye tyubu, unapata virusi vizima vinavyoambukiza. Huyu mwingine anaitwa HK97 ndo kiboko ya kukomaa. Ganda lake linaanza dogo, nene, la mviringo, DNA inasukumwa ndani, ganda linatanuka na kuwa jembamba lenye pembe, halafu protini jirani zinaungana kwa viungo vya kudumu vya kikemia kiasi kwamba pete zinapitana kama mnyororo, huwezi kuzitenganisha hata ukizichemsha kwenye sabuni. Maabara hata DNA haihitajiki, unatengeneza maganda matupu, unaongeza asidi mpaka pH inashuka karibu na 4, linatanuka lenyewe na wewe unapiga picha hatua kwa hatua.

Kuhusu kuona. Hadubini ya mwanga haitoshi, ndo maana tunatumia ya elektroni. Ya zamani na ya haraka, unaweka tone kwenye kijiwavu kidogo, unatia chumvi ya metali nzito inayozunguka chembe, ganda linaonekana jeupe kwenye giza. Ni dakika chache tu na ndo iliyoniumbua siku ile. Ya kisasa unagandisha maji kwa haraka kiasi kwamba hayapati muda wa kuwa barafu ya fuwele, chembe inakamatwa ilivyo, halafu kompyuta inajumlisha picha maelfu kwa maelfu mpaka unaona protini ilivyojikunja, hiyo ilipewa Nobel 2017. Ila usidharau geli ya kawaida, ule ute mgumu unaotenganisha protini kwa uzito. Ukitaka kujua kama VVU vimekomaa huhitaji picha, unapitisha protini zake kwenye geli na kuzitafuta kwa kingamwili, Gag nzima inakaa juu kwenye uzito wa kilodaltoni 55 (kipimo cha uzito wa molekuli), kipande cha kati kikishakatwa kinakaa chini kwenye 24. Mstari wa juu tupu, chembe ni changa. Wa chini tupu, imekomaa. Yote miwili, umeikuta njiani au kuna kitu kinaikwamisha. Na hapa niseme kwamba sehemu kubwa ya kazi hizi inafanywa kwa protini tupu au maganda yasiyo na jenomu, hakuna cha kuambukiza humo. Maganda matupu ya namna hiyo ndo chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, protini moja inaitwa L1, zinajipanga 360 zenyewe, mwili unaona kirusi kumbe ni boksi tupu.

Hiyo mistari miwili ya geli ndo imeokoa watu wengi. Dawa za kuzuia protiezi, ya kwanza ikiwa saquinavir iliyoidhinishwa Marekani 1995, hazizuii kirusi kujengwa wala kutoka. Vinatoka kama kawaida, ukivihesabu vipo, ila vyote vimebaki na ile pete nene, vichanga maisha yao yote. Baadaye ikajaribiwa bevirimat, yenyewe haigusi enzaimu, inakaa kwenye kile kiungo cha mwisho nilichokutajia na kukizuia kisikatwe. Wazo zuri sana, ila watu wengi walikuwa tayari wana virusi ambavyo hapo mahali pana tofauti ndogo za asili, dawa haishiki, ikaishia hapo.

Halafu ikaja lenacapavir, Marekani waliiidhinisha 2022, inachomwa kila miezi sita. Hii inaingia kwenye mfereji kati ya protini jirani za pia na kuzikakamaza. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kosa, mbona unamsaidia adui kuimarisha ngome? Ila kumbuka tyubu yangu iliyojaa takataka. Protini zikishikana kwa nguvu mno, ile pia haifungi vizuri, inatoka imepinda, na ile iliyokwisha kujengwa inapoteza kunyumbulika mpaka inapasuka kabla ya wakati wake.